Viti viwili vya Mwalimu, kimoja kiliguswa na kingine hakikuguswa

Kilichonifanya niandike hiki kisa ni katoni. Nilikuwa nimepindua kiti cha kwanza juu ya magunia pale wakshopu, nikang'oa kitambaa cha chini, na kitu cha kwanza kuanguka ni kipande cha katoni ya mafuta ya kupikia, kimekunjwa mara mbili kikasukumwa chini ya sponji ati kiinue kiti kidogo. Nikacheka. Halafu nikapindua cha pili, ndugu yake wa tumbo moja, na huko hakukuwa na katoni wala plaiwudi, kulikuwa na springi kumi zimevutwa kutoka upande huu mpaka ule kama nyuzi za gitaa, vumbi juu yake kama unga wa ngano. Hapo nikaacha kucheka.

Mimi ni fundi wa makochi hapa Nakuru, kazi niliifunzwa Kibuye kule Kisumu na mzee mmoja tuliyekuwa tunamwita Jaduong' tu, na nitamrudia kwa sababu nusu ya makosa niliyofanya kwa hii kazi alikuwa ameshanionya kitambo nikiwa kijana nisiyesikia.

Mwenye viti ni mwalimu mstaafu wa praimari, anaishi upande wa Njoro. Alikuja mwezi wa nane na pikapu, viti viwili vimefungwa kamba, vile vya mgongo mrefu vyenye masikio huku na huku kichwani, miguu na mikono ya mbao imeachwa wazi. Baba yake alikuwa dereva kwa shamba la mzungu, na 1963 mzungu alipouza vitu vya nyumba ili arudi kwao, mzee akanunua viti viwili na kabati. Kabati lililiwa na mchwa. Viti vikabaki. Nyinyi wa upande huu mnajua, ukienda Njoro, Molo, Subukia mpaka Kitale, kuna nyumba nyingi za kawaida kabisa zenye kiti kimoja au meza moja ambayo ukiuliza ilitoka wapi unaambiwa hadithi ya wazungu wakifunga virago miaka ile ya uhuru.

Mwalimu akaniambia, "Fundi, hivi viti vilitoka pamoja na vilikuwa sawasawa. Hiki cha kulia kilitengenezwa kama miaka kumi na tano iliyopita, cha kushoto hakijawahi kufunguliwa. Sasa niambie kwa nini kile kilichotengenezwa ndicho kinaniumiza mgongo."

Nikakalia vyote viwili. Cha kushoto kilikuwa kimelegea, kitambaa kimekwisha mpaka unaona nyuzi za ndani, lakini kilinishika. Cha kulia kilikuwa na velveti ya kuteleza inayong'aa bado, na nilipokaa nikasikia matako yamegonga mbao. Yaani kiti kizuri kwa macho tu.

Kabla sijashika koleo nilitafuta alama. Ukitoa mto wa kukalia, kwa mbao ya ndani kulikuwa na muhuri umepigwa kwenye mti, herufi PK na nambari, na jina Parker Knoll. Hapa wacha nielezee kidogo kwa sababu bila hii hutaelewa kwa nini nilikataa kufanya kazi ya haraka. Frederick Parker alianza kampuni ya samani Uingereza 1869, na baadaye wakahamia High Wycombe, mji ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa viti, hadi timu yao ya mpira Wycombe Wanderers jina lake la utani ni Chairboys, vijana wa viti. Sasa mwishoni mwa miaka ya 1920 akatokea Mjerumani anaitwa Willi Knoll na mfumo wake wa springi. Zamani kiti cha starehe kilikuwa kinene, ndani kuna springi za kusimama, juu yake manyoya ya farasi, juu yake pamba, kazi ya wiki nzima. Knoll akalaza springi. Waya mwembamba wa chuma umesokotwa, umevalishwa soksi ya kitambaa, unavutwa mlalo na kunasa kwenye mashimo ya vyuma viwili pembeni mwa fremu. Kiti kikawa chembamba, chepesi, na bado kinadunda. Akina Parker wakakubali, jina likawa Parker Knoll mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa hivyo kwa hiki kiti springi ndiyo kiti chenyewe. Ukiitoa umebaki na mbao za mti wa bichi na kitambaa.

Na yule fundi wa kwanza ndicho alichofanya. Simlaumu sana na jina lake silitaji, pengine mteja alimwambia ana elfu tatu tu na anataka kiti Jumamosi. Lakini wacha tuangalie alichofanya maana kiko wazi kama daftari. Springi zilikuwa zimechoka, soksi zimeoza, chache zimekatika, akazing'oa zote akatupa. Akapigilia plaiwudi juu ya fremu na misumari ya inchi mbili. Akaweka sponji nyepesi ya inchi tatu, ile ukiifinya inabaki imefinyika. Baada ya muda mwalimu akalalamika imezama, akarudi akaongeza katoni. Kati ya vile vyuma viwili vya pembeni vinavyoshika springi, cha upande mmoja kilimzuia kulaza plaiwudi, akakitoa nacho, cha upande wa pili akakipinda na nyundo.

Angalia vile kosa moja lilizaa lingine. Kiti kikiwa na springi, ukijitupa pale baada ya kazi, uzito wako unagawanyika kwa springi kumi, zinanyooka halafu zinarudi polepole. Kikiwa na plaiwudi uzito wote unakuja kwa sponji, sponji ikikwisha unakuja kwa plaiwudi, na plaiwudi inapeleka kishindo moja kwa moja kwa maungio ya mbao. Bichi ni mti mgumu lakini unapasuka ukipigiliwa msumari mnene bila kutoboa kwanza. Mbao ya mbele ilikuwa na ufa wa urefu wa kiganja, umeanzia kwa shimo la msumari. Mguu wa nyuma unacheza. Na kitambaa alikuwa amekizungusha mpaka kwa mbao ya mkono, ile inayofaa kuonekana, akapiga pini, mashimo kama thelathini hivi kwa mbao ambayo ilikuwa imekaa safi tangu wakati wa mkoloni. Aki hapo ndipo nilikasirika kidogo.

Cha kushoto nilikifungua polepole, nikipiga picha kila tabaka na simu. Kitambaa cha juu kilikuwa cha sufu, kizito, chini ya masikio ambako jua halijafika bado kina rangi yake ya kijani kama majani ya chai. Chini yake tabaka la pamba imekuwa ya manjano. Chini ya hapo nyuzi ngumu za kahawia, zimegandishwa pamoja na kitu kama mpira. Chini yake gunia la juti. Na vumbi, wee, vumbi. Watu husema jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi na mimi baada ya miaka kumi na minane ya kufungua makochi sihitaji kuthibitishiwa. Katika ule mfereji kati ya mto na mkono wa kiti nikapata pini ya nywele, maharagwe mawili, na senti kumi ya zamani ya East Africa, ile yenye tundu katikati, imeandikwa Queen Elizabeth the Second, mwaka 1956. Nikaiweka kwa bahasha.

Springi nane kati ya kumi zilikuwa nzima. Nilipozitoa na kuzilaza mezani zilikuwa kama inchi 18, na nafasi ya kuzivuta kati ya chuma na chuma ni inchi 20. Hiyo tofauti ya inchi mbili ndiyo siri yote. Zikilegea zikafika 19 na nusu kiti kinazama katikati kama machela. Ukiweka fupi kupita kiasi zinavuta fremu ndani na maungio yanafunguka.

Kwa hivyo hesabu ilikuwa hivi, nahitaji springi 12, mbili za kushoto na kumi za kulia. Nairobi nilipiga simu kwa wauza vifaa wanne, wote wana springi za zigizaga, zile za nyoka, ambazo ni nzuri kwa kochi la kisasa lakini zinatoka mbele kwenda nyuma na zinataka mbao nene ya kushikilia klipu. Fremu ya hiki kiti ni nyembamba, ningeipasua tena. Njia ya pili ilikuwa mikanda ya lastiki. Hiyo si mbaya, kuna viti vingi vizuri vya miaka ya 50 na 60 vilitengenezwa na mikanda ya mpira tangu kiwandani, Ercol, watengeneza samani wengine wa High Wycombe hiyohiyo, walitumia ile ya kampuni ya Pirelli, na shida yake inajulikana, mpira unakauka, unapasuka, unabadilisha. Ila mikanda inapigwa pini kwenye mbao na mbao ya kiti cha kulia tayari ilikuwa kama chujio.

Sasa nije kwa aibu yangu. Nilijifanya mjanja. Nikapeleka springi moja kwa kijana wa jua kali anayetengeneza magrili na stendi, nikamwambia nisokotee kumi kama hii. Akasokota vizuri kabisa, ukiziona huwezi kutofautisha, nikamlipa 800. Nikazifunga, nikakalia, nikafurahi. Baada ya wiki moja zote zilikuwa zimenyooka kidogo na hazikurudi. Kumbe alitumia waya wa kawaida, ule laini wa kufungia, na springi inataka chuma chenye kaboni nyingi ambacho kimefanywa makusudi kikipindwa kirudi. Jaduong' alikuwa anasema waya una kumbukumbu na mwingine hauna, nilikuwa nadhani ni maneno ya wazee. Hiyo 800 sikuiweka kwa bili.

Mwalimu ndiye alitatua. Ana binti ni nesi huko Leicester, anakuja Krismasi. Uingereza hizi springi bado zinauzwa, kuna watu wengi wanaokarabati hivi viti nyumbani kwao, unapeleka kipimo unatumiwa. Springi 12 ni mzigo mdogo kuliko jozi ya viatu. Nikampa kipimo, inchi 18, na nikamwomba mwalimu asubiri mpaka Januari. Wateja wengi wangekataa. Yeye akasema, "Vimengoja miaka sitini, mwanangu, miezi minne ni nini."

Nikisubiri nikafanya mbao. Gundi ya zamani ilikuwa imekauka kama kioo, nikafunga kitambaa cha maji moto kwenye ungio la mguu, ikalainika na kutoa harufu ya supu ya mifupa, nikajua ni ile ya ngozi na mifupa. Huo ni uzuri wake, inafunguka. Fundi anayekuja baada ya miaka thelathini anaweza kuachanisha maungio bila kuvunja mbao. Nikasafisha, nikapaka gundi mpya ya aina hiyohiyo, nikafunga klampu usiku mzima. Ule ufa wa mbele niliujaza gundi nikabana, kisha nikaweka ubavu wa mbao ngumu kwa ndani na skurubu, si misumari. Chuma kilichopotea nilitengenezewa na welda wa jirani kutoka flati bari, mashimo kumi, nikayapima na kile cha kiti cha kushoto. Kwa hiyo kazi jua kali wetu hawana mpinzani, 600 na kimekaa sawa mara ya kwanza.

Mikono ya mbao sikuipiga msasa. Hapa tunabishana sana na wenzangu. Mteja akiona mbao nyeusi anataka ing'ae, na fundi anapiga msasa mpaka mti mweupe halafu vanishi nzito juu kama asali. Ile rangi ya mahali mkono umekaa miaka sitini haipatikani dukani. Nilipangusa na tapentaini, uchafu ukatoka mweusi kwa kitambaa, nikapaka nta mara mbili. Yale mashimo ya pini nilijaza nta yenye rangi, bado ukiinama unayaona.

Kitambaa tulivutana. Mwalimu alitaka maua makubwa, mimi nikamwambia maua yanakula mita nyingi kwa sababu lazima ua likae katikati ya mgongo na katikati ya mto, unatupa vipande. Tena nikamwonyesha kwa kibandiko cha roli nambari ya Martindale. Ni kipimo cha mashine inayosugua kitambaa mpaka kianze kukatika, elfu 15 kinatosha kiti cha kukaliwa mara mojamoja, elfu 25 kiti cha nyumbani cha kila siku, zaidi ya elfu 30 unaingia mambo ya hoteli na ofisi. Wauzaji wengi hapa hawajui hiyo nambari, wanakwambia tu ni ya Uturuki. Tulipata cha kijani kilichokolea, Martindale elfu 40, bei shilingi 1,300 kwa mita. Zamani tungesema nenda kwa viwanda vya nguo, Kicomi Kisumu au Rivatex Eldoret, ukachague, siku hizi ni kontena.

Ndani nilirudisha kilichokuwepo. Nyuzi za kahawia zilizokuwa nzima nilizipiga zitoke vumbi nikazirudisha, palipopungua nikajazia za makonge kutoka Mogotio hapo juu, nikaweka pamba mpya juu. Mgongo haukuhitaji sponji hata kidogo. Mto wa kukalia ndio niliweka sponji nzito, ile ya haidensiti, na hapo nikakosea mara ya pili. Nilikata inchi tano. Nilidhani nampendelea. Mwalimu alipokuja kujaribu, miguu ikaning'inia kama ya mtoto kanisani, na viwiko havikufika mikononi mwa kiti. Yule aliyechora hiki kiti alipima mwili wa mtu, urefu wa goti, mahali kiwiko kinapumzika, inchi moja ukiongeza umeharibu hesabu yake yote. Nikarudi kwa kipimo cha mto wa zamani, inchi nne, nikakata na kisu cha mkate, nikazungusha fiba nyembamba.

Tukiwa kwa sponji, binti wa Leicester alituambia kitu ambacho sikuwa nakijua. Kule kuna kanuni za 1988 za moto kwenye samani, na biashara hairuhusiwi kuuza kochi la zamani lenye sponji isiyofikia kile kiwango, maana sponji ya zamani ikishika moto inawaka haraka na moshi wake ni sumu. Viti vilivyotengenezwa kabla ya 1950 vimeachwa nje ya hizo kanuni kwa vile kawaida ndani yake hakuna sponji. Nikafikiria nyumba zetu zenye mshumaa na jiko sebuleni. Tangu hapo sirudishi sponji kuukuu kwa kiti chochote.

Springi zilipofika Januari kazi ilichukua siku mbili. Juu yake, kabla ya mto, lazima kuwe na kitambaa kigumu kimevalishwa springi ya mbele na ya nyuma, la sivyo mto unatafunwa kidogo kidogo. Hiki kitambaa watu huruka wakidhani ni mapambo.

Bili ilikuwa hivi, kitambaa mita kumi 13,000, sponji 4,400, flati bari 600, nyuzi na pamba na vitu vidogo 2,900, mkono wangu 16,000. Jumla 36,900, springi binti alinunua mwenyewe. Katika ile 16,000, kiti cha kushoto ni 6,000 na cha kulia ni 10,000, na cha kulia ndicho kilikuwa kimeshalipiwa ukarabati mara moja, au mbili ukihesabu katoni. Mtoto wa kiume wa mwalimu alikuja na uso mzito akasema kando ya barabara unapata viti viwili vipya kwa 30,000. Ni kweli, hata mimi nawatengenezea wateja vya bei hiyo. Nikamwambia ukweli, fremu ya saiprasi, mikanda, sponji ya kawaida, miaka mitano au sita ukiwa na watoto. Hakushawishika sana na sikumlazimisha. Si kila kiti kinastahili hii kazi, fremu ikiwa ya mbao laini iliyoshikwa na misumari na hadibodi, pesa unayotia ni kumwaga maji kwa gunia.

Chini ya kila kiti, kwa mbao ya nyuma, nimebandika karatasi ndani ya plastiki, nimeandika tarehe, gundi niliyotumia, kipimo cha springi, unene wa sponji, na wapi kuna ubavu wa mbao uliofichwa. Ile senti kumi mwalimu aliniambia niirudishe palepale nilipoipata, nikairudisha.

Nilipita kwake mwezi wa tano kuangalia. Cha kulia kinalia kidogo ukiegemea upande wa ule mguu, nitakirudia. Nikamuuliza anakalia kipi zaidi, akaonyesha cha kushoto, akasema hicho kingine ni cha wageni.